Kilindini na Sauti Zinazotuliza

Kilindi, katika lugha yetu, ni mahali penye maji ya kina kirefu. Kutokana na neno hilo, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Mombasa ukaitwa Kilindini, na watu wake wakaitwa Wakilindini, mojawapo ya zile Thelatha Taifa ambazo, zikijumlishwa na Tisa Taifa, hutimiza mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Aliyepata kusimama kando ya mlango huo wa bahari wakati wa jioni anajua kwamba maji ya kilindi hayana povu wala kishindo kama yale yanayovunjika juu ya miamba ya nje. Hupita kimya kimya, na linalosikika ni jahazi au meli iliyobebwa nayo.

Tumezoea kukisifu kisiwa hiki kwa yale yanayoonekana: Ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, milango iliyonakshiwa, roshani za mbao na baraza za mawe. Juma hili tunakualika, ewe msomaji mtukufu, ukizuru kwa masikio. Sababu yake ni swali ambalo akina mama wengi wanaulizana siku hizi, katika vikao vyao na katika simu zao: je, huko kupumzishwa kwa sauti na mtetemo kunakouzwa katika spa za mahoteli ni jambo lenye faida, na je, linatufaa sisi?

Jambo lenyewe ni hili. Mteja hulazwa juu ya kitanda au kiti ambacho ndani yake mmefichwa spika. Spika hizo hutoa sauti nzito za chini, pamoja na mlio wa mawimbi au muziki wa taratibu, na sauti hiyo hupita katika godoro ikaingia mgongoni kama mtetemo mwepesi. Njia hii ilianza kupangwa kitaalamu na Mnorwe Olav Skille, mnamo miaka ya 1980, na sauti alizozitumia ni za kati ya hezi 30 na 120. Sikio la mwanadamu husikia kuanzia kiasi cha hezi 20 hadi 20,000. Kwa hiyo sauti hizo ziko karibu na ukingo wa chini kabisa, pale ambapo mtu huihisi sauti kwa kifua na mgongo kama anavyoisikia kwa sikio. Katika spa nyingine hutumiwa bakuli za shaba zinazogongwa polepole, ambazo hunasibishwa na pande za milima ya Himalaya.

Shangazi yangu, mjane wa Mji wa Kale, alikamilisha eda yake ya miezi minne na siku kumi akiwa mzima wa mwili, lakini usingizi ulikuwa umemkimbia. Alikuwa akilala saa tano za usiku, akizinduka saa nane, wala asipate tena lepe mpaka alfajiri. Daktari alimpima presha na sukari, hakuona kasoro, akamwambia apumzike. Lakini apumzike wapi? Siku ile ile aliyotoka edani, nyumba ya watu kumi na mmoja ilimrudia mikononi: funguo zikafungwa tena katika pindo la kanga yake, wajukuu wakarudi chumbani mwake, na kila aliyetaka chumvi, shahada ya kuzaliwa au suluhu ya ugomvi akamwita yeye.

Binti yake anayeishi Maskati alituma fedha za saa moja katika spa ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na mimi nikaombwa nimsindikize. Shangazi alisita kwa mambo matatu: sitara, ibada za kigeni, na bei, ambayo ingetosha kununua mchele na samaki wa juma zima. Tulipiga simu kabla ya kwenda. Tuliambiwa kwamba mhudumu ni mwanamke, kwamba mlango hufungwa kwa ndani na hapana mwanamume anayeingia, na kwamba mteja aweza kukataa bakuli na maneno yoyote asiyoyataka, akatumia kitanda peke yake. Hapo akaridhika.

Nilikaa pembeni ya chumba. Taa ilikuwa hafifu, na kulisikika mlio wa mawimbi. Baada ya dakika chache Shangazi alicheka chini ya shuka, akasema, "Mwanangu, hii si feri ya Likoni hii?" Kisha akanyamaza. Alilala usingizi mzito mpaka mhudumu alipomgusa bega.

Neno lake hilo la mzaha lina asili katika tiba ya zaidi ya miaka mia moja. Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson hujisikia nafuu baada ya safari ndefu ya garimoshi au ya gari la farasi. Mwaka 1892 akaeleza juu ya kiti kilichotengenezwa kwa makusudi ili kitikisike kama garimoshi. Miaka minne baadaye, mwaka 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa hapa Mombasa, na kufikia mwaka 1901 reli ikawa imefika ufukoni mwa Ziwa Victoria. Wazee wetu waliopanda garimoshi kwenda bara waliujua vyema usingizi wa behewa.

Wazo la Charcot lilijaribiwa upya na madaktari wa Chicago, Marekani, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Wagonjwa wachache wa Parkinson waligawanywa makundi mawili. Wote waliketi katika kiti nusu saa kila siku, kwa muda wa mwezi mmoja, wakisikiliza sauti za kutuliza. Kiti cha kundi moja kilitetema. Cha kundi la pili hakikutetema. Mwisho wa mwezi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, wala haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Jaribio dogo la namna hiyo halithibitishi kwamba mtetemo haufai kitu. Linatufundisha, hata hivyo, kuuliza swali lifaalo: ni kitu gani katika saa ile ya spa kilichomlaza Shangazi? Ni kitanda, ni sauti, au ni jambo jingine?

Kwa swali hilo tuliizunguka Mombasa siku ya Jumamosi moja, mimi na yeye na mjukuu wake wa miaka sita.

Tulianza baada ya Sala ya Alfajiri katika Mji wa Kale. Vichochoro vyake ni vyembamba na kuta zake za mawe ni ndefu, kwa hiyo sauti husafiri humo kama maji katika mfereji. Adhana za misikiti haziji kwa pamoja. Mwadhini mmoja hutangulia na mwingine hupokea, mpaka ule wa Mandhry, unaosemekana kujengwa kiasi cha mwaka 1570, ukajumuika na misikiti mingine iliyo jirani. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtaka Bilal awapumzishe kwa Sala. Tazama jinsi mapumziko yalivyofungamanishwa na wito wa sauti ya mwanadamu, na jinsi wito wenyewe unavyomtaka mtu aache alilo nalo. Baada ya adhana hubaki sauti za asubuhi: fagio la chelewa juu ya saruji, mbuzi ya nazi inayokwaruza, na mafuta ya mahamri yanayochemka. Penye Bandari ya Kale tulisimama kusikiliza maji yakipiga matumbo ya majahazi, na kamba zikilia kila jahazi lilipojinyonga.

Kutoka hapo tulipita mbele ya Ngome, tukachukua tuktuki mpaka Mama Ngina, ufukwe wa kusini mwa kisiwa uliokarabatiwa mwaka 2019. Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa mahali hapo: mibuyu mikongwe, madafu, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na familia zilizoketi zikiielekea bahari. Meli zote kubwa ziingiazo Kilindini hupita mbele ya macho. Ilipopita moja iliyosheheni makontena, hatukuisikia sana kwa masikio. Shangazi aliweka kiganja chini ya koo lake akasema anaisikia pale. Ndiyo sauti ile ile nzito ya kitanda cha hoteli, na hapa haina malipo.

Tulipoketi kimya kwa muda, niliona pumzi yake imepungua kasi. Mawimbi hurudia sauti moja bila ya kushtua, na mwili huacha kungojea kishindo. Mwaka 2001 madaktari wa Kitaliano walichapisha uchunguzi unaoonyesha kwamba mtu anapotamka maneno ya ibada kwa taratibu, pumzi zake hushuka zikawa kiasi cha sita kwa dakika, na moyo na mishipa ya damu huenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Wao walipima sala za Kikatoliki na maneno ya Kihindi, si nyiradi zetu. Nasi hatusomi nyiradi ili tupime pumzi. Hata hivyo, kila mwenye kusoma Qur'ani kwa tartili, au kukaa juu ya mswala baada ya Sala bila haraka, ameionja hali hiyo.

Kisha tukaenda Likoni, kuuona ukweli wa mzaha wa Shangazi. Mwenda kwa miguu huvuka bure mkono huo wa bahari, wenye upana wa takribani nusu kilomita. Mashine zilipopata nguvu, sakafu ya chuma ilianza kutetema, mtetemo ukapanda kutoka nyayoni mpaka magotini, sawasawa na ule wa kitanda. Lakini Shangazi hakusinzia wala hakutulia. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mkoba, wa pili umemshika mtoto, macho yakitazama msongamano wa watu na magari yaliyo nyuma yetu. Tulipovuka na kurudi alikuwa amechoka kuliko alipoondoka.

Hapo ndipo tulipopata jawabu. Mtetemo wa feri na wa hoteli ni mmoja. Kule hotelini, kwa saa nzima, hapakuwa na mtu aliyemwita, wala kitu alichotakiwa kukilinda. Katika feri mwili wake ulitikiswa vivyo hivyo huku akiwa zamuni. Na wale wagonjwa wa Chicago, walioketi katika kiti kisichotikisika, nao walipewa nusu saa kila siku ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuketi na kusikiliza.

Waislamu waliotutangulia walilijua jambo hili wakalijengea majumba. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Chini ya kuba lake kuu palikuwa na chemchemi, na sauti ya maji yake ilifika katika vyumba vya wagonjwa. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, alieleza kwamba waimbaji na wapiga ala waliwekwa huko kwa ajili ya wagonjwa, hasa wenye maradhi ya akili. Alieleza pia juu ya vyakula walivyopikiwa na maua waliyoletewa wayanuse. Sauti ilikuwa sehemu moja ya malezi. Mgonjwa alitunzwa, akapikiwa, wala hakutakiwa kumtunza mtu.

Nasi pia tunayo hospitali yetu ya namna hiyo, isiyo na kuba. Ni arobaini ya mzazi. Mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mafuta, hufukizwa udi, hupikiwa uji na supu, na mwanawe hubembelezwa na wengine kwa sauti ya chini ya bibi, ambayo mtoto aliyelazwa kifuani huihisi kama mtetemo kabla ya kuielewa kama maneno. Kwa siku arobaini hapana anayemuuliza mzazi chumvi iko wapi. Kwa nini basi desturi hiyo ije mara moja kwa kila uzazi, na isimfikie mjane, wala mama wa makamo, wala bibi aliyelea nyumba nzima?

Kuna kizuizi cha pili, nacho ni kelele. Sauti inayotuliza haisikiki mahali palipojaa sauti zinazochosha. Malori yaendayo bandarini, honi za matatu, jenereta za maduka, na spika za harusi zinazovuma mpaka usiku wa manane, zote hizo hupita katika ukuta na kumfikia mgonjwa na mtoto mchanga. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 zinazodhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi. Ndani ya nyumba za kuishi huruhusiwa desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku kwa hesabu ya kanuni hizo huanza saa mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza isizidi desibeli 30 chumbani ili mtu alale vizuri. Kumlaumu dereva wa lori ni rahisi. Vigumu zaidi ni kupunguza spika ya harusi ya binti yetu wenyewe, ilhali haki ya jirani tunaihubiri kila siku.

Nyumba ya Shangazi ilikaa kikao. Wakakubaliana kwamba kila siku, baada ya Sala ya Alasiri, funguo atapewa mke wa mwanawe mkubwa, wajukuu watatolewa nje na mmoja wa wajomba zao, na simu ya bibi itazimwa. Chumba cha juu, chenye dirisha lielekealo bahari, kikaondolewa televisheni na kuwekwa pembea ya zamani iliyokuwa stoo. Humo huketi saa moja, akijisukuma kwa kidole cha mguu, na mlio wa minyororo ya pembea ukishindana na upepo. Siku za mwanzo aliteremka kila baada ya dakika kumi kuuliza nini kimeungua. Baada ya juma la tatu aliacha. Usingizi wake umefika saa kumi za usiku, wakati ambao, anasema, angeamka hata hivyo kwa ajili ya tahajudi.

Hatudai kwamba pembea ni dawa. Mwenye kukosa usingizi siku tatu au zaidi kila juma, kwa miezi kadhaa, au mwenye huzuni isiyopungua, na amwendee daktari. Na anayependa kwenda spa, kwa kuwa si haramu kwa mwanamke kujistarehesha katika sitara, aulize mambo haya kabla ya kulipa: nani atakayemhudumia, mlango unafungwaje, kuna maneno au ibada yoyote inayoambatana na huduma, na sauti itafikia ukubwa gani. Mjamzito, mwenye kifaa cha kuendesha moyo, mwenye damu iliyoganda mguuni, na aliyetoka kupasuliwa, wasilale juu ya kitanda cha mtetemo mpaka wapate ruhusa ya daktari.

Kwa wengi wetu, wasioweza kulipa bei hiyo, kisiwa kimetandazwa bure. Asubuhi ya mapema kuna Bandari ya Kale. Alasiri kuna upepo wa Mama Ngina, wa kaskazi au wa kusi kwa majira yake. Na nyumbani kuna ubao wa pembea, sauti ya bibi, na kisomo cha taratibu. Kinachopungua ni ile saa moja, nayo mama hawezi kujipa mwenyewe maadamu nyumba yote inamwita. Ni waume, ni watoto wakubwa, ni wakwe na mawifi watakaompa. Basi kikao kifanywe juma hili, funguo zipate mshikaji wa pili, na saa itajwe kwa jina.

Wabillahi tawfiq.